Dhiraa na Sentimita: Hesabu ya Vipimo katika Tafsiri

Mfasiri anayekutana na kipimo cha kigeni cha urefu huona mbele yake hesabu ndogo ya kuzidisha, na aghalabu huifanya upesi, akaandika jawabu na kupita. Wahakiki wa tafsiri nao hulitazama jawabu hilo kwa nadra. Hujadili methali, tamathali na majina ya watu, wakaviacha vipimo kana kwamba ni mali ya mwalimu wa hesabu. Lakini kipimo nacho ni neno, na kina kazi yake katika sentensi.

Mfano ulio wazi umo katika tafsiri mbili za Biblia kwa Kiswahili. Sura ya 25 ya Kutoka yatoa maagizo ya kutengeneza sanduku la agano. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 yaeleza kwamba urefu wa sanduku ni dhiraa mbili na nusu, na upana na kimo ni dhiraa moja na nusu. Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, yatoa sentimita 110 kwa 66. Kihesabu hapana kosa: dhiraa imekadiriwa kuwa sentimita 44, na uwiano wa tano kwa tatu umehifadhiwa. Kilichopotea ni kusikika kwa uwiano huo. Asikiaye mbili na nusu kwa moja na nusu aweza kulichora sanduku akilini bila kalamu. Zaidi ya hayo, fundi aweza kulipima kwa mkono wake mwenyewe. Sanduku la fundi mfupi litakuwa dogo kidogo, lakini umbo litakuwa lile lile. Sentimita 66 zadai rula, na zadai usahihi ambao matini yenyewe haikuudai.

Yaweza kujibiwa kwamba mtoto wa shule wa leo anaijua rula kuliko dhiraa, na kwamba kitabu huandikwa ili kieleweke. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa ajili ya mapenzi ya mambo ya kale. Hata hivyo dhiraa si neno gumu kufundishwa: ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kila mtoto anayo. Shibiri ni nusu yake, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa huku na huku. Wafanyabiashara wa nguo waliendelea vivyo hivyo: shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Kila hatua ni mara mbili ya ile iliyotangulia, jambo linalomfaa sana mtu mwenye kitambaa mkononi, kwa kuwa kitambaa hukunjwa nusu kwa nusu, hakikunjwi sehemu kumi. Doti ingali hai madukani, ingawa mnunuzi wa khanga siku hizi huhesabu jozi, hapimi mikono. Mfasiri anayeuvunja mfumo huu wote kuwa sentimita huondoa zaidi ya neno moja.

Kamusi nazo zina lawama yao. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliifasiri dhiraa kuwa karibu nusu yadi. Neno "karibu" ndilo lenye thamani hapo, nalo ndilo la kwanza kuanguka. Anayegeuza inchi 18 kwa kufuata kanuni hupata sentimita 45.72, na tarakimu mbili za mwisho hazina maana yoyote, kwa sababu hakuna kiwiko kilichopata kupimwa hivyo. Hatari huzidi matini ikiwa ya Kiarabu. Dhiraa ya kienyeji ya Misri ilikuwa karibu sentimita 58, na ile ya wajenzi wa Kituruki ilikaribia 76. Ukuta wa dhiraa 50 za Misri una urefu wa mita 29. Mfasiri anayetegemea nusu yadi ya pwani atauandika mita 23, na msomaji hatakuwa na njia ya kuzigundua mita sita zilizopotea. Lau angeliacha neno dhiraa mahali pake, kosa lisingalizaliwa.

Wazungu nao hawakusalimika. Katika riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1870 kuhusu safari ya chini ya bahari, ligi zilizotajwa katika jina la kitabu ni za Kifaransa za kilomita nne. Ligi 20,000 ni kilomita 80,000, yaani mara mbili mzingo wa dunia, na ni umbali wa safari, si kina cha maji. Msomaji wa Kiingereza, ambaye ligi yake ni maili tatu, huongeza kilomita zipatazo 16,000 bila kujua.

Haifuati kwamba kugeuza ni kosa siku zote. Maelezo ya kuchimba kisima au kukata bati yageuzwe, tena kwa uangalifu, kwani mtu atayatenda. Goliathi hatajengwa na mtu. Matini ya Kiebrania iliyopokewa yampa dhiraa sita na shibiri. Hati za kale za Kiyunani, pamoja na hati moja ya Kiebrania iliyopatikana Qumran, zampa nne na shibiri. Tofauti hiyo ya dhiraa mbili ni ya jitu na mtu mrefu tu, na msomaji huiona mara moja. Akiambiwa mita 2.86 na mita 1.98, atadhani wapimaji walikuwapo.

Wakati mwingine lugha humpa mfasiri zawadi, na la kusikitisha ni kuikataa. Katika Tufani ya Shakespeare, Ariel amwimbia Ferdinand kwamba baba yake amelala chini ya maji, katika kina cha vipimo vitano ambavyo kwa asili ya neno la Kiingereza ni mikono iliyonyooshwa. Kiswahili kina pima, na wavuvi hupimia kina cha bahari kwa neno hilo. Pima tano, basi, wala si mita 9.14.