"Mshono Kipofu" na Wenziwe

Tumepata kuipitia tafsiri ya maelezo ya ushonaji wa mkono iliyokusudiwa wanafunzi wa sayansi kimu. Kazi ni fupi na shabaha yake ni njema: kumwonyesha mwanafunzi namna ya kumalizia mto au mwanasesere baada ya kujazwa sufi. Kwa jumla lugha yake ni fasaha. Lakini sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo roho ya maelezo yote, imeharibiwa na istilahi tatu: "mshono kipofu", "mshono wa kuteleza" na "mshono wa mjeledi". Mfasiri hatumtaji, maana kosa lake ni la wengi wetu.

Kabla ya kuhukumu istilahi, hapana budi kuitazama kazi yenyewe. Vipande viwili vya kitambaa hukabilishwa uso kwa uso, vikashonwa ukingoni, ila pengo dogo huachwa. Kitambaa hugeuzwa kupitia pengo hilo, kisha sufi, pamba au usumba hushindiliwa ndani. Pengo lililobaki haliwezi tena kushonwa kwa ndani. Hivyo mshonaji hukunja kingo zake mbili kuelekea ndani, akapitisha sindano ndani ya mkunjo wa upande mmoja, akavuka hadi mkunjo wa upande wa pili, akaendelea vivyo hivyo kwa hatua zilizo sawa. Nyuzi zinazovuka hufanana na vipago vya ngazi. Avutapo uzi, kingo hukutana na vipago vyote hutoweka.

Mfasiri amekiita kitendo hiki kimoja kwa majina mawili. Mahali pengine ni "mshono kipofu". Katika Kiswahili kipofu ni asiyeona, hali mshono huu ni usioonekana. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo hayo mawili. Sisi tunao mnyambuliko wa vitenzi unaoyatenga, -ona na -onekana. Aliyeandika "kipofu" ameiacha mali yake nyumbani akaenda kukopa kwa jirani.

Mahali pengine ni "mshono wa kuteleza", na hapa madhara ni makubwa zaidi. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba wanafunzi wake, waliposoma jina hilo, walidhani uzi watakiwa kulegezwa upate kuteleza. Wakaulegeza. Baada ya siku chache wanasesere wakafumuka, sufi ikatoka nje. Jambo hili si la kuchekwa, kwa kuwa mtoto mdogo hutia kinywani kila akishikacho, na sufi yaweza kumpalia. Aidha, jina hilo hilo la Kiingereza hutumika katika kufuma kwa kulabu, nako lina maana nyingine kabisa. Basi tafsiri sisisi itawapoteza washonaji na wafumaji pamoja.

Ama "mjeledi", mwanafunzi atautafuta asiuone. Kitendo chenyewe ni kuzungusha uzi juu ya kingo mbili zilizobanwa pamoja, mishono ikalala mshazari. Uzi huonekana, si kitu kwa mwanasesere wa kitambaa kizito, lakini haupendezi katika takia ya sebuleni. Tena mfasiri ameandika "mishono ya muda" mahali ambapo fundi wa mtaani angesema bandi, akaeleweka mara moja.

Twapendekeza yafuatayo. Mshono fiche liwe jina la jumla la kila mshono ambao uzi wake umekusudiwa usionekane usoni mwa kitambaa. Chini yake uwekwe mshono wa ngazi, wa kufungia mito na wanasesere, na mshono fiche wa upindo, ambao hudaka uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa. Ule wa tatu uitwe mshono wa kuzungushia. Bandi ibaki bandi.

Huenda tukaulizwa: ngazi nayo si picha ya kigeni? Picha hiyo pia imo katika Kiingereza, lakini haikukubaliwa kwa sababu hiyo. Imekubaliwa kwa sababu mshonaji anaiona mkononi mwake kabla hajavuta uzi, na ikipinda ajua amekosea. Istilahi ya namna hiyo humfundisha mtu kazi. Kukopa si dhambi. Foronya tuliipata kwa Wareno, na leo hakuna aionaye ngeni. Lililo baya ni kukopa jina pasipo kujua mwenyewe aliona nini alipolitoa.

Kwa hiyo mfasiri wa mambo ya ushonaji na aketi kwanza na fundi, ashike sindano, auzibe mto mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Walimu watakaoyajaribu majina haya darasani watatusaidia sana wakituarifu yalikofaa na yalikopwaya.