Tabasamu la Mto Ruiki

Katikati ya mwaka 1915 treni iliingia Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, ikiwa imebeba mashua mbili za kivita za Waingereza kutoka Cape Town. Zilikuwa ndogo, kila moja urefu wa mita 12 hivi, na ziliitwa Mimi na Toutou. Reli yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 5 tu mjini hapa. Kutoka Lubumbashi mashua zilipelekwa Fungurume, na hapo njia ya chuma ikaishia. Zikashushwa. Mashine za mvuke, maksai na mamia ya wanaume walizikokota zaidi ya kilomita 200 kuvuka milima ya Mitumba, hatua kwa hatua, hadi kwenye reli nyingine iliyozifikisha Bukama. Zikateremka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda treni tena, na hatimaye zikaonja maji ya Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani.

Vita hivyo vya ziwani ndivyo vilivyo nyuma ya riwaya ya Mwingereza C. S. Forester, The African Queen, iliyotoka mwaka 1935. Forester aliacha makamanda na mabehewa, akabakiza mashua moja mbovu, fundi mlevi aitwaye Charlie, na Rose Sayer, dada wa mmisionari, mwanamke ambaye hajawahi kuishi maisha yake mwenyewe. Mwaka 1951 hadithi hiyo ilirudi Kongo, safari hii ikiwa imebebwa na wapiga filamu.

Aliyekuja kuwa Rose alikuwa Katharine Hepburn, Mmarekani mwenye umri wa miaka 44. Aliruka hadi Léopoldville, akaruka tena hadi Stanleyville, yaani Kisangani, kisha akapanda treni ya kuelekea Ponthierville, mji ambao sasa ni Ubundu. Kambi ilikuwa Biondo, vibanda vya miti na majani karibu na mto Ruiki, ambao maji yake ni meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Humphrey Bogart, aliyeigiza kama Charlie, alikuja na mkewe Lauren Bacall. Mwongozaji alikuwa John Huston, mtu aliyependa kuwinda kuliko kulala. Kamera ya rangi ya siku hizo ilikuwa dude zito, na mpigapicha Jack Cardiff alilazimika kuifunga juu ya chelezo kilichovutwa mtoni. Siafu walivamia kambi. Mashua ikazama, ikainuliwa.

Lakini tukio kubwa kuliko yote lililotokea kambini halikuwa la siafu wala la kuzama. Lilitokea asubuhi moja kibandani, na lilihusu mdomo wa mwanamke.

Siku za kwanza Hepburn alimwigiza Rose kwa uzito. Kulikuwa na sababu: Rose anamzika kaka yake, kijiji kimechomwa na askari wa Kijerumani, na amebaki peke yake na mwanamume asiyenyoa ndevu. Huston alitazama, akanyamaza, kisha akaenda kumwona. Alimweleza kwamba uso wake ni mwembamba, na mdomo wake ukitulia, pembe zake hushuka. Akikaza uso, mtazamaji atachoka naye kabla mashua haijafika mbali. Akamuuliza kama amewahi kumwona Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akitembelea majeruhi hospitalini. Bibi Roosevelt hakuwa mrembo, na alilijua hilo, kwa hiyo popote alipokwenda alitangulia na tabasamu, lile tabasamu la adabu ambalo mtu wa heshima huvaa kabla ya kufungua mlango. Huston akashauri Rose afanye vivyo hivyo. Akaondoka.

Miaka mingi baadaye Hepburn aliandika kwamba hakuwahi kusikia uongozaji bora kuliko huo. Mtu akiitazama filamu leo ataona kwa nini. Tabasamu lile si furaha. Ni nguo. Rose amelivaa kama anavyovaa kola iliyofungwa hadi kooni, na kwa sababu ni nguo, linaweza kuchafuka, kulowa, kuchanika na mwishowe kuvuliwa. Filamu nzima ni hadithi ya tabasamu la adabu linalogeuka kuwa tabasamu la kweli, na hakuna anayelitamka jambo hilo kwa maneno.

Tuchukue mahali pawili tu. Charlie amelewa na kumtukana Rose. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga, anasikia maji yakilia. Rose ameketi, anamimina pombe yake mtoni, chupa baada ya chupa. Mwigizaji wa kawaida angetia hasira hapo, angekunja paji la uso, angemtazama mlevi kwa ushindi. Hepburn hamtazami kabisa. Anainua chupa, anaigeuza, anasubiri hadi tone la mwisho, anaiachia ielee, anachukua nyingine. Ni mwendo wa mama anayemwaga maji aliyooshea vyombo. Hukumu yote imo katika utulivu wa kiganja, na Charlie anaomba na kulalamika kama mtu anayeongea na ukuta.

Mahali pa pili ni baada ya maporomoko ya kwanza. Charlie anangoja kumwona mama wa kanisa akitetemeka ili waiache safari hii ya wazimu. Rose amelowa, nywele zimemshuka, kifua kinapanda na kushuka. Halafu uso unafunguka. Unafunguka polepole, kwanza macho, kisha mashavu, mdomo mwisho, kana kwamba furaha imetoka mbali na haikujua njia. Mwanamke wa makamo anagundua kwamba ana mwili. Kazi hiyo imefanywa na misuli michache ya uso, mbele ya kamera inayoyumba juu ya chelezo, kwenye joto la msitu.

Uwezo huo haukuanguka kutoka mbinguni. Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 huko Hartford, Connecticut, mama akiwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, baba akiwa daktari. Alisoma chuo cha Bryn Mawr, akamaliza mwaka 1928, akaingia jukwaani. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1932, na ya mwaka 1933, Morning Glory, ikampa Oscar ya kwanza. Halafu ukaja mporomoko: mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtangaza kuwa sumu ya mapato. Alirudi jukwaani, akapata mchezo ulioandikwa kwa ajili yake, The Philadelphia Story, na haki za kuutengenezea filamu zikawa mkononi mwake. Studio iliyoutaka mchezo ilibidi imchukue na yeye. Hapo kuna somo la biashara, lakini kuna jambo kubwa zaidi. Katika mchezo huo mwanamke mwenye kiburi anashushwa mbele ya watu na kujifunza kucheka. Hepburn alichukua lawama waliyomtupia akaigiza lawama yenyewe.

Alifanya filamu 9 na Spencer Tracy, mwanamume aliyempenda hadi kifo chake mwaka 1967. Oscar zake za uigizaji zilifika 4, ambazo hakuna mwigizaji mwingine wa filamu aliyezifikia, na hakwenda kuchukua hata moja. Kwa The African Queen hakushinda; mwaka 1952 tuzo ilikwenda kwa Vivien Leigh, na Bogart ndiye aliyepata yake, ya pekee maishani. Sanamu ni sanamu. Ukilinganisha kazi na kazi, Rose wa mto Ruiki anasimama juu ya wanawake wengi waliozawadiwa.

Na alimwigiza akiwa mgonjwa. Kutoka Kongo kundi lilihamia Uganda, karibu na Butiaba kwenye Ziwa Albert, na maradhi yakalifuata. Huston na Bogart walikunywa wiski. Hepburn, aliyechukia ulevi wao, alikunywa maji kwa wingi, na maji ndiyo yaliyomwangusha kwa kuhara damu. Tukio la kanisani, lile linalofungua filamu, alilipiga katika hali hiyo. Rose anacheza kinanda, miguu inapampu, jasho linamtoka, na sauti yake inapanda juu ya zote. Pembeni, pale ambapo kamera haifiki, iliwekwa ndoo. Alicheza kinanda, akaigeukia ndoo, akarudi kwenye kinanda.

Tena kaka wa Rose hakuwepo. Robert Morley, aliyeigiza kama Mchungaji Samuel, hakukanyaga Afrika. Sehemu zake zilipigwa Uingereza, na huku nafasi yake ilichukuliwa na mtu mwingine. Vilevile matukio ambamo Rose na Charlie wako ndani ya maji, wakiivuta mashua kwenye matete, yalipigwa ndani ya tangi la studio karibu na London, kwa kuwa mto wenyewe ulikuwa na kichocho. Mtazamaji haoni mshono. Joto la Ruiki limo usoni mwa mwanamke aliyesimama kwenye maji ya Uingereza. Alibeba mto ule mwilini mwake akavuka nao bahari.

Lubumbashi ina sababu zake za kuelewa kazi ya namna hii. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, lilipojengwa jumba kubwa la tamthilia katikati ya mji, lile ambalo baadaye likawa Jengo la Tarehe 30 Juni na makao ya wabunge wa jimbo, uigizaji wa watu wa mji ulikuwa unakua kwingine, katika mitaa ya wafanyakazi. Huko ndiko lilikotoka kundi la Mufwankolo, ambalo redio na baadaye televisheni zililiingiza katika kila nyumba, kwa Kiswahili cha hapahapa, chenye Kifaransa ndani yake na Kibemba na Kiluba. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo mmoja, kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa maelezo. Walisema watauchezea mchezo. Hapakuwa na maandishi. Walikaa, wakajadili nani ni chifu na nani ni mshauri, wakajaribu, wakabishana, wakaanza upya, na mchezo mzima ukazaliwa kutokana na maneno machache.

Huston alimpa Hepburn tabasamu. Fabian aliwapa Mufwankolo na wenzake msemo. Kinachofuata ndicho ufundi wenyewe: kukichukua kitu kidogo hivyo na kukifuata hadi kwenye vidole, kwenye mgongo, kwenye namna ya kuketi. Wanawake wa kundi lile, walioweza kugeuka mke wa chifu kwa kukaza tu kitenge kiunoni na kubadilisha mwendo, walifanya kazi ileile iliyofanywa Biondo, bila chelezo wala kamera ya rangi.

Tofauti iko kwingine. Mwaka 1951 Wakongo na Waganda waliingia kwenye filamu ile kama umati. Waliimba, walibeba, walikimbia kijiji kikiungua. Ilichukua miaka 61 kabla ya Mkongo kusimama kwenye tamasha la filamu la Berlin kupokea tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike. Rachel Mwanza alikuwa kijana wa Kinshasa aliyeishi mitaani, na filamu yake, Rebelle ya Kim Nguyen, ilipigwa kwa mfuatano wa hadithi, waigizaji wakikutana na matukio hatua kwa hatua badala ya kuyakariri mapema. Hakuwa na Bryn Mawr wala jukwaa la Broadway nyuma yake. Alikuwa na uso uliojua kungoja, na alijua kuutumia. Katika filamu ile yeye ni msichana aliyelazimishwa kubeba bunduki, anayemsimulia mtoto aliye tumboni mwake, na pale ambapo simulizi inakuwa nzito mno, anazidi kunyamaza, na mtazamaji anajikuta anamsogelea.

Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 80, Hepburn alitoa kitabu kizima juu ya safari ya Kongo na Uganda. Alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96. Mashua ya filamu iko Florida, inapandisha watalii. Reli ya Fungurume bado ipo.

Na tukio la kanisani bado lipo pia, dakika za mwanzo kabisa. Inafaa kulitazama mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya mwanamke aliye kwenye kinanda, ukijua kuna ndoo. Mara ya pili kwa ajili ya viti vya nyuma yake, ambako waumini wanaimba wimbo wasioujua, kila mmoja kwa mdundo wake. Kamera inawapita taratibu. Wamo waliochoka, wamo wanaolitazama lile dude geni linalowasogelea. Mmoja wao anaimba kwa nguvu zote, macho mbele, kama mtu aliyepewa kazi na kuikubali.

Jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji.