Binti Anayefukuzwa Kila Ukurasa wa Mwisho

Leo sihakiki kitabu kimoja. Nataka kuhakiki hadithi moja ambayo sisi vijana tumeiandika mara nyingi mno, kila mmoja akidhani ni yake. Wewe unaijua. Binti yuko kidato cha pili, mpole, ana akili darasani. Anatokea jamaa wa bodaboda, au dereva wa Fuso aliyekuja Songea kupakia mahindi, au (mwandishi akiwa na roho ngumu kidogo) mwalimu. Zinaingia chipsi mayai, inaingia simu, na kufika ukurasa wa nne binti anatapika asubuhi. Jamaa anatoweka. Mwalimu mkuu anaandika barua. Baba anawaka, mama anapigwa kwa kuwa eti ndiye aliyemdekeza, binti anapelekwa kijijini kwa bibi. Mwisho kabisa linakuja lile neno moja: alijuta.

Nimeisoma hadithi hii kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, nimeisoma imepigwa chapa, nimeisikia ikisomwa kwa sauti ya kulia kwenye kijiwe chetu cha uandishi hapa Bombambili. Mara binti anaitwa Neema, mara anaitwa Tumaini, jina zuri kwa mtu anayekwenda kuangamizwa. Lugha inateleza, tamathali zipo, methali ndiyo usiseme. Kinachonikera ni kwamba mwandishi hakuutunga mwisho wake. Aliukuta. Serikali ilishauandika.

Msidhani natania. Chukueni Kanuni za Elimu za mwaka 2002, zile zinazohusu kufukuza na kusimamisha wanafunzi. Zinataja makosa ya jinai kama wizi, zinataja kosa dhidi ya maadili, zinataja mwanafunzi aliyefunga ndoa. Haya, tafuteni neno mimba. Halimo. Miaka yote ile wasichana wamekusanya madaftari yao na kutoka getini kwa neno ambalo halikuandikwa. Nani basi aliliweka? Waliliweka wasomaji wa kanuni: wakuu wa shule, bodi, maofisa. Walisoma “kosa dhidi ya maadili” wakaona tumbo la msichana. Hawakuona mwanamume, ingawa maadili hayo, kama yalivunjwa, yalivunjwa na watu wawili. Huo ni uhakiki, jamani. Uhakiki mbovu, lakini ni uhakiki, na ulikuwa na nguvu kuliko wetu kwa sababu wenyewe ulikuwa na mhuri.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko kanuni hizo, lakini ilipata sauti kubwa zaidi tarehe 22 Juni 2017 pale Chalinze, mkoa wa Pwani, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba chini ya uongozi wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji tena kufungua kanuni. Hotuba ilitosha. Mzazi aliyekuwa akijiuliza kama binti ajaribu tena aliacha kujiuliza. Ikadumu hivyo mpaka tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi. Ukatoka waraka. Mwaka 2022 kamati ya Umoja wa Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto nayo ikasema wazi kwamba yale ya kupima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza yalivunja haki zao.

Kwa hiyo mlango ulifunguliwa, walau kwenye karatasi. Lakini katika hadithi zetu Neema bado anafukuzwa. Waziri ametoa waraka, mwandishi wa Bombambili hajatoa. Sisi tunaojiita sauti ya vijana tumegeuka wakali kuliko wizara.

Hebu tuangalie lugha, maana hapo ndipo siri ilipo. Katika miswada hii binti “anapata” mimba, kama mtu anavyopata malaria. Kiswahili kina neno “kutiwa”, na ukisema “alitiwa mimba” msomaji lazima aulize: na nani? Sisi tunakimbilia “alipata ujauzito” kwa sababu tunaona ni lugha ya heshima. Ni heshima kwa nani? Neno hilo limemfuta mwanamume kwenye sentensi kabla hajatoweka kwenye hadithi. Halafu huyo anayetoweka, anatowekea wapi? Songea si Dar es Salaam. Mtu akitoka Bombambili, ataonekana Lizaboni, ataonekana Mfaranyaki, ataonekana stendi akigombania abiria. Mtaa mzima unajua anakokula. Ni mwandishi tu asiyejua.

Na hapa ndipo linaingia jambo zito zaidi ya shule. Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18 na msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama inaweza kuruhusu hata miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, baba akiwa amekufa ridhaa ya mama, na hao wasipokuwepo ridhaa ya mlezi. Soma tena mpangilio huo polepole. Mama yupo hai, amembeba, amemlea, amemsukia nywele, lakini neno lake linasubiri baba afe.

Nisiwe mchoyo. Kwa wakati wake sheria ile ilikuwa na mambo ya kusifiwa: iliziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, na ikamtambua mke kama mtu mwenye haki zake. Lakini mtu akikushonea shati zuri ukiwa na miaka kumi, halafu akukatalie kubadilisha ukiwa na miaka sitini, huyo si fundi tena.

Watu walijaribu kulibadilisha. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 8 Julai 2016 mahakama ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ukatolewa mwaka mwingine. Oktoba 2020 ikafika, vifungu vikiwa palepale, na miaka iliyofuata tukaelezwa kwamba maoni ya wananchi bado yanakusanywa. Wananchi hawa ni wakina nani? Yule mwenye miaka 15 aliulizwa?

Sasa weka sheria hii pembeni ya ndugu zake uone kichekesho, kama utaweza kucheka. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akikubali, isipokuwa kama ni mkeo mwenye miaka 15 au zaidi na hamjatengana. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha Sheria ya Elimu: ukimwoa au kumpa mimba mwanafunzi, jela miaka 30. Vizuri sana. Ila angalia wasichana wawili wa mtaa mmoja, wote miaka 15. Mmoja amevaa sare, anapita asubuhi na begi. Mwingine alimaliza darasa la saba hakuendelea, anapita na beseni la vitumbua. Wa kwanza analindwa na miaka 30 ya jela. Wa pili, baba yake akikubali, ni mke halali wa mtu. Mwanamume yuleyule, tendo lilelile, umri uleule. Kwa huyu ni mfungwa, kwa yule ni mkwe anayekaribishwa kiti. Sheria imeangalia sketi, haikumwangalia mtoto.

Hiyo ndiyo hadithi, washikaji! Ipo barabarani kila asubuhi, inauza vitumbua, na hakuna muswada hata mmoja uliopita mikononi mwangu ulioiandika. Binti wa beseni haingii kwenye hadithi zetu kwa kuwa hana cha kufukuzwa. Hana barua ya mwalimu mkuu. Hana ukurasa wa mwisho tuliouzoea, kwa hiyo tunamwona hana hadithi.

Mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Sijui kama kuna mwaka mwingine ambao sheria na riwaya zimetazamana uso kwa uso namna hiyo. Zote mbili zinauliza binti ni mali ya nani. Sheria ikajibu: ya baba, mpaka atakapokuwa ya mume. Kezilahabi akamweka mbele yetu Zakaria, baba mlevi anayewalinda binti zake kwa kipigo, akatuonyesha ulinzi wa aina hiyo unamfikisha wapi Rosa anapotoka nyumbani. Kilichofuata mnakijua: riwaya ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, eti inaharibu vijana, kabla haijarudi kuwa kitabu cha kusomeshwa. Sheria haikupigwa marufuku hata siku moja.

Na iliporudi, tuliisomaje? Kwa jedwali. Dhamira: malezi. Ujumbe: wasichana waepuke tamaa. Alama mbili. Mwanafunzi akiandika kwamba ujumbe unawahusu kina baba, anamtia mwalimu wasiwasi kidogo. Lakini kitabu chenyewe hakifungi kesi kwa kifo cha Rosa. Zakaria naye anaitwa kujibu. Wengi wetu tulichukua kifo cha binti tukaenda nacho nyumbani, tukaiacha hukumu ya baba kwenye meza ya mtihani. Ndiyo maana miswada yetu imejaa wakina Rosa na haina Zakaria, au yumo kwa ajili ya kufoka tu, mistari mitatu, halafu anaachiwa akanywe komoni yake kwa amani.

Najua nitakachojibiwa. Fasihi lazima ifundishe. Tukiandika kwamba Neema alirudi shuleni tutakuwa tunawaambia wadogo zetu kwamba mambo ni shwari. Hoja hii nimeichoka. Kwanza, mdogo wetu anajifunza nini kwenye hadithi ambayo anaijua mwisho kabla ya mwanzo? Anajifunza kwamba akikosea amekwisha, na mtu aliyekwisha hamwambii mama yake, haendi zahanati mapema, hamtaji aliyemtenda. Pili, hakuna aliyesema kurudi ni shwari. Kurudi ni kugumu kuliko kufukuzwa, na ndiyo maana kunafaa kuandikwa. Maziwa yanavuja kwenye blauzi katikati ya kipindi cha hesabu. Mwalimu anamwita “mama fulani” na darasa zima linacheka. Kengele ya mapumziko inalia, wenzake wanakwenda kununua karanga, yeye anakimbia nyumbani kunyonyesha, na njiani anampita jamaa wa bodaboda ambaye hakutoweka, yupo, anang’arisha pikipiki yake kwa kitambaa na kumsalimia kwa jina.

Wala simtaki baba shetani. Nawajua baba wa mtaa huu. Ada ilifutwa shule za serikali mpaka kidato cha sita, lakini sare ipo, michango ipo, daftari zipo, na bei ya mahindi wewe na mimi hatuipangi. Baba anayesema “bora aolewe kabla hajaniaibisha” mara nyingi anaogopa, na sheria ya 1971 imemwambia kwa miaka zaidi ya hamsini kwamba hofu yake ni busara. Mwandishi anayejua kazi atamwandika baba huyo mpaka tumhurumie, na asimwachie.

Jambo la ufundi, kwa haraka: someni sheria zenyewe. Kwa miaka mingi zilitungwa kwa Kiingereza, binti aliyeguswa na kifungu hakuweza kukisoma. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Basi hakuna kisingizio. Someni kama mnavyosoma shairi la mtu msiyempenda, neno kwa neno, mkiuliza kila nafsi iliyoachwa nje. Na msiogope lugha ya mtaani kuwajibu. Mtaa wetu wenyewe umekataa ngeli: mwalimu atakwambia ni mabomba mawili, sisi tunasema Bombambili na barua zinafika.

Karibuni nimepata muswada mmoja ambao unajaribu. Binti amejifungua, amesikia habari za ule waraka, bibi yake ameuza kuku wawili, sare imeshonwa upya kwa sababu ya zamani haifungi kiunoni. Asubuhi anatoka, anatembea, na mwandishi (ana miaka 19, ana jicho kali kwelikweli) anampitisha sokoni, kwenye gereji, kwa mama ntilie aliyekuwa akimsema. Anafika getini. Mlinzi anasimama. Hadithi inaishia hapo, kwa nukta tatu.

Nimemrudishia, nimeandika pembeni kwa penseli: Mlinzi alisemaje? Alikaa dawati la nani? Mtoto amebaki na nani, na saa nne akilia atapewa nini?