Kalamu nyekundu pekee haitatibu makosa ya Kiingereza

MAZOEZI ya "sahihisha sentensi hizi" wanayopewa watoto wetu katika somo la Kiingereza yana upungufu mmoja mkubwa. Yanaonyesha kosa, yanatoa jibu, basi. Kosa limetoka wapi? Kimya.

Hebu tumtazame mtoto wa Kibera au Kawangware. Nyumbani huenda anasikia Kinubi, Kiluo, Kiluhya au Kikuyu, lakini dukani, uwanjani na kwenye matatu ni Kiswahili na Sheng. Akiandika "Borrow me your pen", mwalimu anachora mkato mwekundu. Ila kitenzi "azima" hufanya kazi pande zote mbili: mimi naazima kalamu kwako, nawe unaniazima. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kati ya "borrow" na "lend". Mtoto hakukosa akili. Ametumia kanuni anayoijua.

Vivyo hivyo "My mother said he is coming". Kiambishi "a-" cha nafsi ya tatu hakijali mke wala mume. "I am hearing cold" ni "nasikia baridi" iliyohamishwa jinsi ilivyo. Nayo "Although it rained, but we went" ni "ingawa... lakini" iliyovishwa suti.

Mwanaisimu Pit Corder alitofautisha mambo haya mwaka wa 1967. Kuna kuteleza, ambako msemaji hujirekebisha mwenyewe, na kuna kosa lenye mfumo, linalofichua kanuni aliyojijengea akilini. Kulipiga wino kosa la aina ya pili bila kuigusa kanuni hiyo ni kufyeka magugu na kuacha mizizi.

Na si mchezo. Kijana wa Kawangware akienda kuomba kazi mtaa jirani wa Lavington, aulizwe, "You have never been arrested?", huenda akajibu "Yes", akimaanisha "ndiyo, sijawahi". Kiswahili huitikia kauli ya muulizaji. Kiingereza hufuata ukweli wa jambo lenyewe: "No, I haven't". Kwa neno moja tu, kijana mwaminifu anatiliwa shaka na kazi inampita.

Wapo wanaodai dawa ni kupiga marufuku Kiswahili na Sheng shuleni. Hapo nakataa kabisa. Lugha haizuiwi langoni. Mtoto huingia nayo darasani kichwani mwake. Ukimkataza kuitamka, umeficha chanzo cha kosa, hujaliondoa.

Afadhali mwalimu wa Kiingereza akae na mwenzake wa Kiswahili. Waandike sentensi mbili ubaoni, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kisha wanafunzi wenyewe waseme ni wapi zinaachana njia. Chaki na dakika kumi zinatosha.

Faida haitakuwa ya Kiingereza peke yake. Ubao huo huo utafichua kwamba "nisaidie na kalamu", tunayoisikia kila siku Nairobi, ni Kiingereza kilichojipenyeza katika Kiswahili chetu.