Andiko Dhana Huanzia Penye Kuhesabika

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020 ulipunguza idadi ya masomo, ukaingiza kazi za mradi katika maisha ya kila siku ya shule, na ukaamua kwamba asilimia 20 ya alama zitoke katika tathmini endelevu ya mwalimu na asilimia 80 katika mtihani wa taifa. Wanafunzi wa kwanza kuupitia wote walifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2024. Mradi hauanzi bila wazo kuandikwa, na ndivyo andiko dhana, zile kurasa moja au mbili zinazomwezesha mtu kuamua kama wazo linastahili kuendelezwa, lilivyotoka katika ofisi za mashirika na vyuo vikuu likafika kwa kijana wa miaka 15. Nafurahia hatua hiyo kwa dhati. Kinachonitia shaka ni njia iliyozoeleka ya kulifundisha: mwalimu anaandika vichwa ubaoni, usuli, tatizo, malengo, mbinu, ratiba na bajeti, na mwanafunzi anajaza chini ya kila kichwa. Matokeo yake ni maandiko yenye umbo kamili yasiyosema lolote. Ugumu wa andiko dhana hauko katika mpangilio. Uko katika kulipunguza jambo mpaka mtu mmoja mwenye daftari na wiki mbili aweze kulishika, na kazi hiyo hufundishika vizuri zaidi mahali ambapo vitu vinaweza kuhesabiwa kwa macho. Kwa shule za Kampala, sijui mahali panapofaa kuliko Kikuubo.

Tuchukue mada ambayo karibu kila darasa huichagua, uchafuzi wa mazingira mjini Kampala. Mwanafunzi anayeanza na vichwa ataandika kwamba taka ni tatizo kubwa duniani, kwamba serikali na wananchi washirikiane, na kwamba lengo lake ni kupunguza uchafuzi. Hakuna sentensi hata moja hapo inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Sasa mpeleke Kikuubo, katika vichochoro vile vya maduka ya jumla karibu na stendi za teksi, ambako sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia na sukari huingia kwa malori na kutoka kwa vichwa na migongo ya wachukuzi kuelekea miji ya mikoani, Juba na mashariki ya Kongo. Kila shehena inakuja imefungwa, na kila inapofunguliwa kuna kitu kinabaki chini: katoni, kamba, karatasi za plastiki zilizobana chupa. Swali la uchafuzi wa Kampala linakuwa swali la plastiki ya kufungia bidhaa. Hilo nalo linakuwa swali la plastiki inayobaki katika kichochoro kimoja wakati maduka yanapofungwa jioni. Hapo mwanafunzi anaweza kusimama na kuhesabu: kati ya maduka 20, ni mangapi yanaweka taka kwenye gunia, mangapi yanawauzia wakusanyaji, na mangapi yanaziacha njiani?

Lakini swali dogo halina thamani kama halijaunganishwa na jambo kubwa, na hapa ndipo sehemu ya usuli inapopata kazi. Maji ya mvua ya eneo hilo huteremkia mfereji wa Nakivubo. Mfereji unapita katikati ya jiji, unaingia katika kinamasi cha Nakivubo na kumwaga katika ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyohiyo, huko Ggaba, ndiko sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Kampala imekuwa ikichotwa kwa miongo mingi. Kinachoachwa njiani jioni, mvua ikinyesha usiku, kinaanza safari ya kuelekea kwenye chanzo cha maji ya kunywa ya mji uleule, na njiani kinasaidia kuziba mitaro na kuleta mafuriko. Mwanafunzi akijua mlolongo huo hahitaji kuandika kwamba uchafuzi ni tatizo la dunia. Atauliza pia kwa nini mifuko ya plastiki, kaveera, ilipigwa marufuku kwa sheria ya fedha ya mwaka 2009 na bado ipo sokoni, na hapo atagundua kwamba wazo la kutunga sheria, ambalo wanafunzi wengi huliandika kama suluhisho, tayari limejaribiwa. Ugunduzi huo mmoja unabadilisha malengo yote ya andiko.

Mbinu ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi. Katika maandiko ya kunakili husomeka kwamba mtafiti atatumia dodoso na mahojiano, basi. Kikuubo haimruhusu mtu kuishia hapo. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakipinga mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, EFRIS, pamoja na mzigo wa kodi. Kijana aliyevaa sare anayeuliza mwenye duka la jumla anauza kiasi gani kwa siku atapewa jibu la uongo au hatapewa jibu lolote, na mwenye duka ana sababu zake. Basi mwanafunzi afanye nini? Abadilishe swali liulize kinachoonekana: idadi ya katoni zinazofunguliwa mbele ya duka kwa saa moja, saa ambayo gari la taka hupita, umbali kutoka duka hadi pipa la karibu. Au azungumze na mchukuzi badala ya mwenye duka, kwa kuwa mchukuzi anajua njia na hana hesabu ya kuficha. Akiyaandika haya katika sehemu ya mbinu, pamoja na sababu ya kuacha swali la mauzo, ameandika utafiti. Ataonyesha pia kwamba amefikiria heshima anayopaswa kuwapa watu anaowauliza: aombe ruhusa, aeleze shule yake na kazi yake, asipige picha ya mtu bila idhini, asiandike jina la duka. Nadhani somo hili peke yake linatosha kulipia nauli ya safari. Kiswahili nacho, ambacho mtaala umekifanya cha lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, kinapata matumizi yake halisi pale mnunuzi kutoka Butembo au Bunia, mashariki ya Kongo, anapokuwa ndiye mwenye jibu.

Walimu watasema, na kwa haki, kwamba darasa la wanafunzi 90 haliingii katika kichochoro ambacho watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, achilia mbali wezi wa simu na mikokoteni. Kweli. Lakini hesabu ninayoizungumzia haihitaji darasa zima kwa wakati mmoja. Vikundi vya watu watano, jioni maduka yanapofungwa, pamoja na mtu mzima mmoja, vinatosha, na takwimu zao zinaweza kutumiwa na darasa lote. Shule ya Masaka au Gulu haina haja ya kuja Kampala. Kila mji una soko lake la jumla, na kinachotakiwa ni mahali penye shughuli inayojirudia kila siku.

Pingamizi zito zaidi ni la usawa. Vichwa maalumu, wanasema watetezi wake, humsaidia mwanafunzi wa shule isiyo na maktaba kushindana na wa shule tajiri, na humrahisishia msahihishaji kazi. Sikatai kwamba vichwa vina kazi. Msomaji anayepokea maandiko 40 anahitaji kujua bajeti iko wapi. Ila vikitangulia, humnufaisha zaidi mwenye fedha, kwa sababu andiko la vichwa vitupu ndilo rahisi kununua tayari katika duka la kuchapa, au siku hizi kutengenezewa na programu ya akili mnemba kwa dakika moja. Hesabu ya maduka 20 yenye tarehe na saa ni ngumu kununua na rahisi kukaguliwa, na mtoto wa mchuuzi wa mtaa wa Kisenyi ana nafasi ya kuipata sawa na mtoto wa wakili, pengine kubwa zaidi. Vichwa vije katika wiki ya tatu, mwanafunzi akiwa tayari na kitu cha kuviweka chini yake.

Bajeti nayo itapungua. Andiko la kunakili huomba mamilioni kwa semina na fulana. Andiko lililotoka kichochoroni litaomba magunia, nauli na karatasi, kwa bei ambazo mwanafunzi ameziuliza mwenyewe dukani. Usahihishaji ufuate mpangilio huohuo: daftari la hesabu liambatanishwe na andiko, mwalimu alisome kwanza, na alama za tatizo na mbinu zitolewe kwa kulinganisha vyote viwili kabla ya kutazama kama vichwa vimekamilika.