Kamera Ianzie Wapi? Filamu za Hali Halisi na Ufundishaji wa Ubaguzi Bunia

Saio, mtaa wa Bunia, una jina la mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique walishiriki kuwashinda Waitaliano mwaka 1941. Askari hao walirudi katika koloni ambalo miji yake iligawanywa kwa rangi, mitaa ya Wazungu upande mmoja na ya wenyeji upande mwingine. Hivyo jina hilo linakumbusha ushindi na utengano kwa pamoja. Makala haya yanajadili swali moja: filamu ya hali halisi ianzie wapi ili mwanafunzi aelewe ubaguzi na mauaji yanayoambatana nao? Hoja inayotetewa ni kwamba filamu ifaayo darasani huonyesha jinsi watu walivyotenganishwa kabla ya kuonyesha jinsi walivyouawa.

Mfano wa kinyume ni Africa Addio, filamu ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotolewa mwaka 1966. Ndani yake zimo picha za mauaji ya Zanzibar ya Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani. Thamani ya picha hizo kama ushahidi ni kubwa, na hakuna sababu ya kuzificha. Kasoro imo katika mpangilio na katika sauti. Ndege iko juu, watu wako chini mfano wa sisimizi. Hawana majina wala hawasemi. Anayesema ni msimulizi peke yake, naye anamfanya mtazamaji aamini kwamba Mwafrika alirudia ukatili wake mara tu Mzungu alipoondoka. Filamu haisemi kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iligawa chakula Zanzibar kwa kufuata mafungu ya kimbari, wala haielezi chaguzi za 1957 hadi 1963 na ghasia za Juni 1961 zilizoua watu 68. Sehemu inayohusu Kongo inaonyesha watu wakipigwa risasi mbele ya kamera. Kwa ajili yake Jacopetti alishtakiwa nchini Italia, kisha akaondolewa hatia. Hata kama mahakama ilimwona hana kosa, swali la kitaaluma linabaki: mtazamaji amejifunza nini zaidi ya kuogopa?

Last Grave at Dimbaza, filamu ya Nana Mahomo ya mwaka 1974, inafuata njia nyingine. Ilipigwa kwa siri nchini Afrika Kusini wakati wa utawala wa makaburu. Kamera inakaa kwenye vitambulisho vya kupitia, mishahara, migodi, na watumishi wa ndani wanaolea watoto wa wengine huku wao wenyewe wakiishi mbali na wanao. Makaburi ya watoto huko Dimbaza, katika eneo la Ciskei, yanapofika mwishoni, hayahitaji kelele ya msimulizi. Mtazamaji amekwisha kuona sheria iliyoyachimba.

Mantiki hiyo ndiyo inayohitajika Ituri. Baada ya chifu Bomera, Mhema, kuuawa mwaka 1911, utawala wa Wabelgiji uliwatenga Wahema na Walendu katika maeneo ya uchifu yaliyo mbalimbali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliwawezesha wenye elimu na wenye cheo kujimilikisha ardhi iliyokaliwa na wengine, na ugomvi wa mashamba huko Djugu ndio ulioanzisha vita mwaka 1999. Hadi 2003 watu zaidi ya 50,000 walikadiriwa kuwa wamekufa. Filamu inayoanzia kwenye panga za 2003 inamfundisha mwanafunzi kwamba majirani walizaliwa maadui. Ile inayoanzia kwenye mpaka wa uchifu na hati ya shamba inamfundisha kuuliza ni nani aliyechora mpaka na ni nani aliyetia sahihi.

Hapa lugha ina sehemu yake. Maelezo ya filamu nyingi yako katika Kifaransa au Kiingereza, na mfasiri hutumia neno "kabila" kwa kila kundi. Neno hilo, likisimama peke yake, huligeuza fungu lililorasimishwa ofisini kuwa jambo la damu. Ni vema mwalimu wa Kiswahili aonyeshe picha kwanza bila sauti, wanafunzi waandike maelezo yao, kisha maelezo hayo yalinganishwe na ya msimulizi. Katika Africa Addio zoezi hilo litafichua mara moja yale ambayo picha haikuyasema na msimulizi akayasema.

Tahadhari ya mwisho inahusu waliokaa darasani. Katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitazama video ya ziara yake katika kambi ya mafunzo ya Rwampara mnamo Februari 2003, na katika hukumu ya 14 Machi 2012 majaji waliitegemea kama ushahidi wa askari watoto. Video hiyo inafaa kufundishia. Lakini ikionyeshwa Bunia peke yake, nusu ya darasa itajiona imekalishwa kizimbani. Iambatane na mashambulizi ya Bogoro ya 24 Februari 2003, ambayo Germain Katanga alitiwa hatiani kwayo mwaka 2014, na ambayo Mathieu Ngudjolo aliondolewa hatia mwaka 2012. Kwa njia hiyo mwanafunzi ataona kwamba mahakama huhukumu watu kwa matendo yao, wala haihukumu ukoo.

Mauaji yalianza upya Djugu mwishoni mwa 2017, na wanafunzi wengi wa leo wameyashuhudia bila kuhitaji kamera. Filamu haina haja ya kuwaonyesha maiti waliokwisha kuwaona. Kazi yake ni kuwaonyesha yale ambayo macho hayakuyafikia: orodha, mpaka, hati na amri. Mwalimu anayechagua filamu na aipime kwa kipimo hicho kabla ya kuzima taa.