Gitaa, Msitu na Neno "Kuvuna": Uhakiki wa Filamu ya Musicwood

Muhula uliopita tuliwaonyesha wanafunzi wetu wa somo la tafsiri filamu ya hali halisi iitwayo Musicwood, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Maxine Trump. Baadhi ya wenzetu walituuliza: filamu ya Kiingereza kuhusu magitaa na misitu ya Marekani inahusiana vipi na idara ya Kiswahili? Makala haya ni jibu letu, na pia ni uhakiki wa filamu yenyewe.

Kisa chake si kirefu. Wakuu wa viwanda vitatu vya magitaa, yaani Bob Taylor wa Taylor, Chris Martin wa Martin na Dave Berryman wa Gibson, ni washindani sokoni. Hata hivyo wanaungana na shirika la Greenpeace na kusafiri hadi Alaska ya kusini-mashariki. Huko ndiko uliko Tongass, msitu mkubwa kuliko misitu yote ya taifa nchini Marekani. Wanaufuata mti wa sprusi wa Sitka, ulio wa jamii ya misonobari. Mbao zake hutumika kutengeneza uso wa gitaa kavu, ule ubao unaotetemeka nyuzi zikipigwa. Ubao huo hutakiwa uwe mpana, usio na vifundo na wenye mistari iliyonyooka, na kwa hiyo hupatikana katika miti iliyoishi karne kadhaa. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa Sealaska, kampuni ya wenyeji wa asili, iliyokuwa ikikata miti yote ya eneo zima kwa mkupuo na kusafirisha magogo mengi Asia. Watengenezaji wa magitaa wanaiomba ibadili njia hiyo ya ukataji, lakini mazungumzo hayafiki mbali.

Tukianza na fani, mwongozaji amefanikiwa katika kuteua wahusika. Hakuna shujaa asiye na dosari wala adui asiye na hoja. Wenye viwanda wanakiri kwamba wao wenyewe wameishi kwa miti mikongwe. Viongozi wa Sealaska nao wanapewa nafasi ya kujieleza. Kasoro tunayoiona imo katika msuko. Safari inaanza na wageni, nasi watazamaji tunasafiri nao. Mwenye ardhi tunamkuta njiani, kana kwamba ni kizuizi. Aidha, nyimbo za gitaa zinazochomekwa kati ya maelezo zinapendeza sana, lakini zinatuelekeza upande mmoja. Mti unapoanguka, tayari masikio yetu yameshafundishwa kumlilia mpiga gitaa.

Katika maudhui, kiini cha filamu ni swali la haki. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliutangaza Tongass kuwa msitu wa taifa, ilhali Watlingit na Wahaida walikuwa wakiishi humo tangu enzi na enzi. Sheria ya mwaka 1971 iliwarudishia wenyeji wa Alaska sehemu tu ya ardhi, tena kupitia makampuni, na wao wakafanywa wanahisa. Kwa hiyo msitu wa mababu ukageuka mtaji wenye kudaiwa faida. Mgeni anapokuja baadaye na kumwambia mwenye hisa asikate, haishangazi akijibiwa kwa ukali. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Filamu inaligusa jambo hili, ila tungependa ilichimbe zaidi, hasa wajibu wa mnunuzi anayetaka gitaa zuri kwa bei nafuu.

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Tuliwapa wanafunzi kazi ya kutafsiri sehemu ya masimulizi, na ubishi mkubwa ukazuka juu ya neno moja. Wengi waliandika kwamba kampuni "inavuna" miti, kama wasemavyo maofisa wa misitu na magazeti yetu. Mwanafunzi mmoja anayetoka karibu na msitu wa Mabira akapinga. Alisema kwamba mtu huvuna alichopanda. Mti wa miaka mia tatu nani aliupanda? Mwenzake akapendekeza "kufyeka", wa tatu akasema kufyeka ni kwa majani na vichaka. Saa nzima ilikwisha, na hatukujuta.

Ubishi ule haukuwa wa maneno matupu. Wasomaji wetu wa Uganda wanakumbuka mwaka 2007, pale mpango wa kutoa sehemu ya Mabira ilimwe miwa ulipozusha maandamano jijini Kampala na watu wakapoteza maisha. Anayesema "kuvuna" ameshaamua kwamba msitu ni shamba. Anayesema "kufyeka" ameshaamua kwamba ni uharibifu. Mfasiri hawezi kukwepa uamuzi huo. Kwa maoni yetu, kwa masimulizi ya filamu hii "kukata miti yote" linatosha: linataja tendo, na kumwachia mtazamaji hukumu.

Kuna uhusiano mwingine pia. Gitaa kavu si kitu kigeni katika Kiswahili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga aliimba nalo kwa lugha hii, na Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Nao mpingo, ambao jina lake ni la Kiswahili, hutengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Huko Kilwa, Tanzania, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na wanakijiji wakaanza kuuza mipingo yao wenyewe kwa utaratibu waliojipangia. Mfano huu unajibu swali ambalo Musicwood inaliacha wazi: mwenye msitu akiwa mpangaji wa bei na wa idadi ya miti ya kukatwa, maslahi yake na ya msitu huweza kukaa pamoja.

Historia nayo imeongeza sura ambayo filamu haikuwa nayo. Mwaka 2021 Sealaska ilitangaza kuachana na biashara ya magogo. Hivyo mwenyeji aliyeonekana kizuizi alifika kwenye uamuzi huo kwa wakati wake mwenyewe. Anayeitazama filamu leo hana budi kuambiwa hivyo, asije akadhani kisa kiliishia pale mazungumzo yalipovunjika.

Pamoja na kasoro tulizozitaja, tunaipendekeza Musicwood kwa walimu wenzetu wa tafsiri na uhakiki. Tunawashauri wasianze na msamiati. Waanze kwa kuwauliza wanafunzi: katika filamu hii, nani anaitwa mwenyeji, na nani anazungumza kwanza? Maneno yatafuata.